Ilikuwa Mbili au Nne

Nachingwea, saa kumi na moja jioni

Mwanangu Zena,

Zamani tukiandika barua tulikuwa tunaanza hivi: mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Tunaandika tu, hofu yenyewe hata hatuna. Leo wewe wala hujafika mbali, umekwenda hapo kwa shangazi yako kuaga, na lori lako naliona kwa dirisha hili, limepakia ufuta, limefungwa turubai. Lakini hofu ninayo. Basi nianze na hofu hiyo hiyo.

Najua utacheka. Mama wa darasa la nne kaandika barua! Na utasema, huyu mama hanyamazi hata akiwa anatafuna, kwa nini asiniambie kwa mdomo? Nimejaribu, mwanangu. Juzi nimejaribu. Jana umekaa unakula ugali nimejaribu tena, nikafungua mdomo, nikajikuta nakupa habari za mke wa yule mwalimu mgeni na friji lake. Mdomo huu una habari za Nachingwea nzima. La kwangu mimi mwenyewe ukifika hapo unajifunga.

Mambo ya kula, kufua, kuswali, na wanaume wa barabarani sikuandikii. Hayo unayajua, na mengine naona unanishinda. Nakuandikia kwa sababu ya jana.

Jana ulikuwa umelala kwenye lori upande wa utingo, miguu nje, mkono umeuingiza kwenye kifuniko cha fyuzi. Ukaniita: "Mama, panda kwenye usukani unihesabie taa, mimi nabonyeza huku chini." Nikasema ngoja kwanza, maharage yanaungua. Nikakimbia kama nimemwagiwa maji ya moto. Ukacheka, ukamwita utingo wako akahesabu yeye.

Zena, jana sikupika maharage.

Sasa nikueleze, na usome polepole, usiruke kama unavyoruka meseji zangu.

Mjomba wako Bakari unamjua na mguu wa plastiki. Unajua aliupata kwenye ule mteremko wa kabla ya daraja, lori likamshinda. Ulikuwa mdogo, darasa la pili, tulikupeleka hospitali ukamuuliza, "Mjomba, mguu mwingine umeuacha wapi?" akacheka mpaka nesi akaja kuangalia. Hayo unayajua. Na unajua kwamba aliyemponza ni Fundi Saidi, kwa sababu ndivyo nilivyokwambia mimi. Nimekwambia wewe, nimewaambia wateja, nimewaambia watu wa sokoni, na watu wa Mtua waliokuja kwenye msiba wa bibi yako. Mtu ambaye hajasikia kwangu labda alikuwa hajazaliwa.

Basi sio Fundi Saidi. Ni mimi.

Nimeliandika. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi.

Siku ile Bakari alikuja na lori kubwa, jipya kwake, la mitumba ya Ulaya, amepakia ufuta kama wewe. Akasimama kwenye banda langu la chai pale stendi ya malori. Ritada yake ilikuwa inawasha taa. Wewe umeisomea darasani, mimi nimeisomea kwa kuwamwagia madereva chai, lakini naijua: ile breki ya pili, lori likishuka na mzigo inalishika lenyewe, dereva hakanyagi kitu, anapanga mwendo tu na lori linashuka kama mama mjamzito anashuka ngazi. Breki za miguu zinabaki baridi. Ikiumwa inawasha taa ya njano. Na ukibonyeza kitufe chake kule kwenye fyuzi ukashikilia, ile taa inakwambia inaumwa wapi. Inapepesa, inanyamaza kidogo, inapepesa tena. Unahesabu za kwanza, unahesabu za pili, unampa fundi namba mbili hizo, fundi anakwambia ugonjwa.

Shida ni kwamba anayebonyeza analala chini, haoni taa. Lazima mwingine awe juu. Utingo wa Bakari alikuwa amekwenda chooni. Bakari akaniita, "Dada, njoo uwe macho yangu."

Nikapanda, Zena! Ungeniona. Nimekaa kwenye usukani na kanga zangu mbili, nampungia kila anayepita. "Jamani leo mimi ndio dereva, nani anakwenda Dar!" Madereva wanapiga kelele, "Mama Zena, washa moto twende!" Nami nawajibu, nawe unamjua mama yako.

Bakari akabonyeza. Taa ikapepesa. Moja, mbili, tatu. Ikanyamaza. Nikasema moyoni tatu, nimeishika. Na hapo hapo, kabla haijaanza tena, jirani yetu Biti Salumu akapita na ndoo kichwani, akasimama chini ya mlango. "Mama Zena! Umesikia? Bwana harusi wa Lionja amekimbia! Ndugu wa mke wamekaa na pilau lao!"

Mwanangu, nigeuke nisigeuke? Niligeuka. Nikasema, "Weee! Amekimbilia wapi?" Akasema kapanda pikipiki. Nikasema, "Na kanzu yake?" Nakwambia nilimuuliza habari ya kanzu. Nilipogeuza macho, taa ilikuwa inapepesa, ikapepesa, ikazima. Niliona mbili. Lakini sijui kabla ya hizo mbili zilipita ngapi. Labda hakuna. Labda mbili.

Bakari akasema kutoka chini, "Ngapi, dada?"

Nikasema, "Tatu."

"Halafu?"

Nikasema, "Halafu mbili."

Simu ilikuwa kifuani kwake, ameweka sauti kubwa, Fundi Saidi yuko Ruangwa anatengeneza gari la mtu. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Alisema, "Bakari, sikiliza vizuri. Ikiwa tatu-mbili, ni waya wa kupima mwendo. Ritada haitajishika yenyewe, lakini ukivuta mkono wake itashika, nenda taratibu mpaka hapa nikubadilishie. Ikiwa tatu-nne, hayo ni mafuta yake hayana nguvu. Hiyo inaweza kushika halafu ikaachia katikati ya mlima. Ikiwa nne, usitoke hapo, nitakuja mimi na pikipiki. Hebu muulize tena aliyehesabu."

Bakari akanyanyua kichwa. Uso una vumbi, anatabasamu. "Dada, mbili au nne?"

Unaona? Niliulizwa. Sio kwamba ilipita kwa bahati mbaya. Niliulizwa mara ya pili, kwa jina la namba yenyewe. Na ile taa ukiibonyeza tena inarudia, haichoki, haikuoni mjinga. Ningesema tu, "Mdogo wangu, bonyeza tena." Maneno manne. Lakini madereva wote wamesimama wananiangalia, nimeshajisifu nimekaa kwenye kiti, na Biti Salumu bado yuko chini ananisubiri. Nikaona aibu. Nikamwambia, "Mbili! Kwani mimi na wewe nani anahesabu maandazi kila siku?"

Watu wakacheka. Bakari akacheka. Akamwambia fundi, "Ni mbili, dada hakosei."

Akafunga kifuniko, akanywa chai yake, akaondoka. Mimi nikashuka kumalizia habari ya bwana harusi.

Yaliyobaki unayajua. Mteremkoni alivuta mkono wa ritada ikashika, akafurahi. Katikati ikaachia. Akakanyaga breki za miguu zikapata moto, zikafa. Utingo aliruka akachubuka tu. Bakari hakuruka, kwa sababu mbele kulikuwa na watu wanavuka na baiskeli, akalitupa lori kwenye mikorosho. Mguu ukabaki ndani ya chuma. Alikaa humo kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, wanakata chuma kwa misumeno ya bati wamtoe.

Pale hospitali alipopata fahamu neno lake la kwanza lilikuwa, "Saidi aliniambia mkono utashika." Nami niko hapo, nimeshika beseni. Ningesema. Mama yetu alikuwa hai, amekaa kwenye mkeka analia, na watu kumi wamejaa. Nikasema, "Huyo Saidi Mungu anamuona."

Mwanangu, ukisema la kwanza, la pili linakuja lenyewe. Fundi Saidi alikuja kumwona mgonjwa. Akasema, kwa upole tu, "Bakari, ingekuwa tatu-mbili isingeachia vile." Bakari akageukia ukutani. Na Saidi akaniangalia mimi. Aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Nikatoka nje kumwaga beseni.

Sasa sikiliza baya zaidi. Saidi ni mtani wangu. Unajua watani wetu, wanakuja msibani wanalala kwenye jeneza, wanadai chakula cha marehemu, na wewe huruhusiwi kununa. Basi mimi nikautumia utani. Arobaini ya baba yake Saidi mwenyewe, watu wamejaa ua mzima, nikasimama nimejipaka masizi, nikasema, "Nipisheni, nimeleta gari kwa Fundi Mteremko! Ukimpa lori analirudisha nusu, na dereva nusu!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na yeye, kwa kuwa ni utani, ilibidi acheke. Nilimwona anacheka. Meno yapo nje, macho hayapo.

Jina likamganda. Fundi Mteremko. Watoto wanamwita njiani, madereva wanamwita. Nani atampeleka gari mtu anayeitwa hivyo? Mwaka haukuisha akafunga karakana yake, akarudi Lionja kulima. Na hakuweza hata kukasirika hadharani, kwa sababu nani anakasirikia utani? Nilimfunga kamba ambayo mwenyewe hana ruhusa ya kuifungua.

Unakumbuka ulipomaliza kidato cha nne ukaniambia unataka kujifunza magari kwa Fundi Saidi, kwa kuwa ni hodari na yuko karibu? Nikakwambia huyo anaua watu. Ukalia siku mbili. Ukaenda kujifunza mbali, kwa watu wasiokujua, na ule mwaka ulioumwa malaria peke yako ulikuwa huo. Hilo nalo ni langu. Na uliponiuliza kwa nini Fundi Saidi akiniona anavuka barabara, nikakwambia ana haya. Mwenye haya alikuwa anauza maandazi.

Hivyo jana uliponiita nipande, Zena, niliona kiti kile kile. Nilimwona Bakari ananyanyua kichwa kutoka chini, lakini uso ni wako.

Usiku sikulala. Baba yako akaniuliza, tumbo? Nikasema tumbo. Leo asubuhi ulipodhani nimekwenda sokoni, nilichukua bodaboda mpaka Lionja.

Nimemkuta Saidi anapepeta ufuta wake uani. Amezeeka. Aliponiona hakuvuka barabara, maana alikuwa kwake, hana pa kuvukia. Nikamsalimia, akaitikia. Hakunikaribisha kiti. Nikasimama juani kama mdaiwa, nikasema yote, hata la bwana harusi, hata la kanzu. Aliendelea kupepeta. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

Akasema, "Kwa hiyo ilikuwa nne."

Nikamwambia, "Sijui, mtani. Mpaka leo sijui. Niliona mbili za mwisho."

Akaokota punje zilizomwagika, Zena, moja moja. Halafu akasema, "Hilo ndilo neno nililokuwa nalitaka siku ile. Ungeniambia sijui, ningepanda pikipiki nije. Nilikuwa nimeshashika funguo mkononi."

Nikalia. Hakunibembeleza. Nikamwuliza, "Ulijua?" Akasema, "Nilijua namba haikuwa ile. Nani aliyeikosea, nilikuwa nahisi." Nikasema, "Sasa kwa nini hukunitaja?" Akasema, "Nimtaje dada wa mtu, mtu mwenyewe ndio kwanza amekatwa mguu? Halafu awe hana mguu na hana dada?"

Sikuwa na la kusema. Mimi! Biti Salumu angelipa kiingilio kuja kuona.

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikudai. Nilipokuwa napanda bodaboda akaniita. Nikageuka. Akaniuliza, "Yule binti yako anaendesha lori gani?" Nikamwambia. Akasema, "Zile zina ritada ya kujishika yenyewe. Mwambie akisoma taa asome mara tatu. Namba zikilingana zote tatu ndio aziamini. Zikitofautiana hata moja, hana namba." Halafu akachukua ungo wake.

Basi hayo ndiyo niliyokuletea kutoka Lionja. Sio korosho.

Mwanangu, hofu yangu haiko kwenye lori. Lori lina taa, lori likiumwa linasema. Namba mliyosoma jana ilikuwa ya waya, fundi wenu ameubadilisha, taa imezima, nimesikia, ingawa ukibonyeza bado inarudia namba yake. Hofu yangu ni damu yangu iliyo ndani yako. Una ulimi wangu, wewe. Unachekesha watu kama mimi, unapenda kuonekana unajua kama mimi. Na ni mwanamke kwenye malori, watakuangalia zaidi ya walivyoniangalia mimi pale. Utafika mahali huko milima ya Mbeya, wanaume kumi wamesimama, mmoja anakuuliza, dada vipi, umesoma ngapi? Nawe utakuwa umepotea hesabu kwa sababu simu imeita au mtu amekutania. Utaona aibu inapanda kutoka miguuni. Naijua hiyo. Ina joto, inakuja na kicheko, inakupa jibu tayari mdomoni, na jibu lenyewe tamu, watu watacheka.

Siwezi kukwambia usiione. Utaiona. Mimi nakwambia nilivyofanya mimi na kilichotokea, na mjomba wako anavyopanda ngazi za msikiti. Basi.

Sasa la mwisho, na hili hutalipenda.

Bakari bado hajui. Miaka yote hii yuko Ruangwa na kibanda chake cha kuchaji simu, akisikia jina la Saidi anatema mate. Mimi akinipigia simu ananiita dada yangu wa pekee. Kila Idi ananiletea kitenge. Nimevaa kimoja sasa hivi ninapokuandikia, nimekiona nikataka kukivua.

Kesho unapita Ruangwa. Nilitaka nikupe barua hii umsomee. Nikaona hapana, nitakuwa nimemweka tena mtu mwingine juu kwenye kiti na mimi nimejificha chini. Kwa hiyo asubuhi ukifungua mlango wa lori utanikuta nimeshakaa. Mwambie utingo wako anipishe mpaka Ruangwa, baada ya hapo ataendelea kuringa. Baba yako nimemwambia. Ameuliza tu nitarudi lini. Nikamwambia inategemea kama Bakari atanipa chai au atanifukuza.

Naogopa, Zena. Nakuogopea wewe mteremko ule wa darajani, na naogopa uso wa mdogo wangu, na sijui ninaogopa kipi zaidi. Nikifika mlangoni kwake nikianza kusimulia habari za watu, we nishike mkono uniambie, mama, sema.

Lakini kabla hatujaondoka hapa, ingia upande wa utingo, lala chini ubonyeze. Mimi nitakuwa kwenye usukani. Biti Salumu apite na ndoo yake, bwana harusi wa dunia nzima akimbie. Utabonyeza mara tatu. Nikipotea nitakwambia sijui, nawe usinicheke, bonyeza tena.

Na ukiniona kimya, usidhani naumwa. Nahesabu.

Mama yako